Asubuhi tatu kwenye kona moja

Sini yenyewe ya filamu yetu ilikuwa ya dakika nne. Dada na kaka yake wanakutana kwenye kona ya mtaa asubuhi, hawajaonana miaka mingi, wanazungumza, kisha mmoja anaondoka. Hakuna kukimbizana, hakuna gari la kulipuka, hakuna mvua ya kutengeneza. Kwenye ratiba niliipa nusu siku, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, nikaamini muda huo unatosha na kubaki. Ilituchukua asubuhi tatu.

Mimi ni msaidizi wa kwanza wa mwongozaji. Kazi yangu ni kuulinda muda: nani awe wapi, saa ngapi, na kipi kianze kabla ya kipi. Kabla ya hapo nilishika fimbo ya maikrofoni kwa miaka mitano, kwa hiyo mitaa ya jiji siyo migeni kwangu. Lakini asubuhi hizo tatu zilinifundisha kazi hii kuliko miaka yote iliyotangulia. Ninaziandika kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kutoka ndani, kwenye kuta nne na taa zake mwenyewe, aingie barabarani na kamera.

Kosa lilianza wiki mbili kabla. Tulikwenda kukagua lokesheni siku ya Jumapili, alasiri: mwongozaji, mpiga picha, mbunifu wa mandhari na mimi. Mtaa ulikuwa umetulia. Jua lilikuwa limeinama na kuumulika ukuta wa jengo la zamani lenye rangi iliyobanduka, na mpiga picha alisimama mbele ya ukuta ule kama mtu aliyepata alichokitafuta mwaka mzima. Tulipiga picha zaidi ya 60 kwa simu. Kila mtu aliipenda kona ile. Hakuna aliyeuliza Jumatano saa 1 asubuhi pale huwa pakoje.

Jumatano saa 1 asubuhi pale palikuwa mahali pengine kabisa. Lori la taka lilikuwa linabinya mapipa. Magari mawili ya mizigo yalikuwa yanashusha makreti, yakilia tii, tii, tii kila yanaporudi nyuma. Nyuma ya jengo, ambako Jumapili tuliona uzio wa mabati tu tukaupuuza, mafundi walikuwa wanatoboa zege. Treni inayopita kwenye njia ya juu, mitaa miwili kutoka pale, Jumapili tuliisikia mara moja tu. Siku hiyo ilikuwa inapita kila baada ya dakika sita. Na ule ukuta ulikuwa kwenye kivuli kizito, kwa sababu jua la asubuhi hutokea upande wa pili wa barabara, na upande huo kuna mnara wa ofisi wa ghorofa nyingi.

Fundi sauti wetu alivaa hedifoni zake, akasikiliza kama dakika moja, akazivua na kunikabidhi bila kusema neno. Nilisikia kila kitu isipokuwa waigizaji.

Siku hiyo tuliondoka na shoti mbili, zote za mbali, zisizo na maneno hata moja.

Tangu hapo sikubali kukagua lokesheni isipokuwa siku ileile ya wiki, na saa ileile, tutakayorekodi. Ninakwenda na daftari na kinasa sauti kidogo. Ninakaa saa nzima. Nusu saa ya kwanza ninafumba macho, kwa sababu macho hukimbilia uzuri na kuacha mengine yote. Masikio yakibaki peke yao, mtaa unaanza kujieleza: shule iko karibu, kengele yake ni saa 2 kasoro robo, kiyoyozi kikubwa kiko juu ya paa lile, huwaka kwa dakika kumi na kuzima kwa dakika tano, pikipiki hupunguza mwendo hapa kwa sababu ya tuta, kisha huvuta moto. Ninaandika kila sauti na dakika yake. Mtu asiyeijua kazi hii akiliona daftari langu, ataona orodha ya kelele. Mimi ninaona ratiba, maana kati ya kelele na kelele kuna nafasi, na nafasi hizo ndizo siku yangu ya kazi.

Watu wengi wanaoanza huogopa picha kuliko sauti. Ninaelewa kwa nini, ila jiji linafanya kinyume. Picha unaweza kuikata. Kuna gari bovu limeegeshwa vibaya? Geuza kamera kidogo, sogea hatua mbili, tumia lenzi ndefu, gari limeondoka. Sauti haina fremu. Inatoka juu, nyuma, chini ya ardhi, na inagonga kuta za vioo na kurudi mara ya pili. Tena kelele yenyewe siyo tatizo kubwa, kwa sababu mtazamaji anajua mjini kuna kelele. Tatizo ni kelele inayobadilika. Dada anasema sentensi yake ya kwanza basi likipita. Kaka anajibu katika shoti nyingine, iliyochukuliwa nusu saa baadaye, basi hakuna. Mhariri akiziunganisha shoti hizo mbili, basi linakatika katikati kama limemezwa na ardhi, na mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu filamu, anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Dawa zake zinajulikana, ila zinataka nidhamu. Ya kwanza ni kuisogeza maikrofoni karibu na mdomo. Ukiiondoa sentimita 40 kutoka mdomoni na kuiweka sentimita 80, sauti ya mwigizaji inapungua kwa desibeli 6 hivi, huku kelele za mtaa zikibaki palepale. Ndiyo maana ninapomwona mpiga picha anataka fremu pana sana kwenye mtaa wenye kelele, ninamwomba kwa upole aniambie mapema, ili tujue kama maneno ya sini hiyo yatanaswa na maikrofoni ndogo za kifuani. Na hizo nazo zina mambo yake. Hewa ya jiji imejaa mawimbi ya redio: televisheni, simu, walinzi wa majengo, vipindi vinavyorushwa moja kwa moja. Masafa yaliyokuwa safi ofisini asubuhi yanaweza kuwa yameshikwa na mtu mwingine ukifika lokesheni, kwa hiyo unayapima upya hapohapo. Sheria pia hubadilika. Kule Marekani, tangu Julai 13, 2020, maikrofoni zisizo na waya zimepigwa marufuku kwenye sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600, kwa kuwa yaligawiwa kampuni za simu. Mtu aliyenunua vifaa vizuri miaka michache kabla alijikuta ana mzigo asioruhusiwa kuuwasha.

Ya pili ni dakika moja ya ukimya. Kila sini ikiisha, kabla hata mtu hajazima taa, ninatangaza: hakuna kusogea, hakuna kunong'ona, fundi sauti ananasa mtaa mtupu kwa dakika nzima. Mhariri hutumia dakika hiyo kuziba nyufa kati ya shoti. Timu iliyochoka huichukia dakika hii kuliko kitu chochote. Mimi siiachi, hata mvua ikianza kudondoka.

Kuna waliotatua tatizo hili kwa kulikwepa. Mwaka 1959, Jean-Luc Godard alipokuwa anarekodi filamu yake ndefu ya kwanza katika mitaa ya Paris, mpiga picha wake Raoul Coutard alifichwa ndani ya mkokoteni wa posta, kamera ikichungulia kwenye tundu, ili wapita njia wasijue wanarekodiwa. Kamera yao ilikuwa na kelele nyingi, hivyo sauti ziliwekwa baadaye studio. Nimesikia vijana wengi wakiitaja habari hii kama ruhusa ya kutojiandaa. Ninawakumbusha kwamba mtu aliyefanya vile alikuwa tayari ameamua kwamba kila neno la filamu litarekodiwa mara ya pili. Huo nao ni mpango, na una kazi yake kubwa.

Baada ya asubuhi ile ya kwanza nilirudi kwenye kona peke yangu, Alhamisi, na daftari. Niligundua mambo mawili. Treni zikipishana, kuna wakati ambapo pande zote mbili ziko kimya kwa karibu dakika nne, na hilo hutokea kila baada ya dakika kumi na mbili. Na jua huchomoza kando ya ule mnara wa ofisi saa 3 na dakika 10, likaupiga ukuta wetu kwa muda usiozidi dakika 40, kisha likaingia nyuma ya jengo jingine. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Uwanjani huoni haraka hiyo, lakini kwenye mtaa mwembamba katikati ya maghorofa unaweza kusimama na kuutazama mstari wa kivuli ukipanda juu ya kiatu chako. Siku hizi kuna programu za simu zinazokuonyesha jua litakuwa wapi saa yoyote, tarehe yoyote. Ni nzuri, ninazitumia. Haziwezi kukuambia kwamba saa 4 kasoro kumi vioo vya benki ya pembeni vitarusha mng'ao wa pili kwenye shavu la mwigizaji. Hilo nililiona kwa macho yangu, nikaliandika.

Tulirudi wiki iliyofuata. Asubuhi ya pili tulipanga sini vipandevipande kufuata vile vipindi vya ukimya, na tuliamini tumeshinda. Lakini wale mafundi wa zege walikuwa bado wapo. Ili kupunguza kelele zao tukasogea mita tano, tukaingia chini ya kibaraza cha jengo la jirani, ambapo ukuta mnene uliwakinga waigizaji. Fundi sauti aliinua dole gumba. Dakika tatu baadaye alikuja mlinzi.

Kibali chetu kilikuwa cha barabara na njia ya waenda kwa miguu. Zile mita tano zilikuwa mali ya jengo. Sakafu ilikuwa ya mawe yaleyale, hakukuwa na uzio wala alama, ila mstari upo kwenye ramani na mlinzi aliujua vizuri kuliko sisi. Hakuwa mkorofi. Alisema tu, "Kaka, hapa ni ndani. Mimi nikikuacha, kesho sina kazi." Nikampigia meneja wa jengo, meneja akataka barua, barua ikataka nakala ya bima, na bima ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu aliyekuwa bado amelala. Saa mbili zikaenda. Jua lilikuja, likaupiga ukuta wetu dakika 40, likaondoka. Wote tuliliangalia.

Sikujua kabla ya hapo kwamba mji una wenyewe wengi kiasi hicho. Barabara ina mamlaka yake, trafiki ni ya polisi, stesheni ni ya shirika la reli, bustani ni ya idara nyingine, na kila ukuta una mwenye jengo. Mwaka 1966 meya wa New York, John Lindsay, alianzisha ofisi moja ya kushughulikia filamu, kwa sababu watayarishaji walikuwa wanazunguka idara moja hadi nyingine wakikusanya vibali mpaka wanakata tamaa na kwenda kwingine. Miji mingi imefuata njia hiyo. Hata hivyo dirisha moja halifuti mistari yote. Mnara wa Eiffel kule Paris wenyewe ulikamilika mwaka 1889 na mtu yeyote anaweza kuurekodi mchana, lakini taa zake za usiku zinahesabiwa kuwa kazi ya sanaa yenye hakimiliki, na ukitaka kuzitumia kibiashara lazima uombe ruhusa. Mnara uleule, kifaa kilekile, na jibu linabadilika jua likizama.

Kwa hiyo sasa ninafanya hivi: ninaomba kibali kikubwa kuliko ninachohitaji. Kama sini ni ya kona, ninaomba mtaa mzima na pande zake mbili, na ninazungumza na wenye majengo yote yanayogusa fremu na yale yanayogusa miguu yetu. Ninabeba nakala nne za karatasi, siyo za simu, moja kwa kila kiongozi wa kitengo, maana afisa atakayekuja atamkuta yule aliye karibu naye, na huyo karibu kila mara siyo mimi. Na kwenye karatasi hiyo kuna namba ya mtu aliyeitia saini. Mlinzi akiweza kupiga simu mwenyewe na kuuliza, mabishano yanaisha hapohapo.

Siku hiyohiyo ya pili kulitokea jambo jingine, na hili ndilo ninalolikumbuka zaidi. Tukiwa tunasubiri ruhusa ya jengo, mwongozaji alitaka shoti ya watu wakivuka barabara, kwa lenzi ndefu, kutoka mbali. Tulikuwa tumebandika matangazo pande zote mbili za mtaa kwamba hapa panarekodiwa filamu. Kisheria tulikuwa sawa. Baada ya kama dakika tano mama mmoja, kijana bado, alinijia akiwa amemshika mtoto mkono. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kaka, mmenichukua?" Nikamwambia inawezekana. Akasema, "Naomba mfute. Kuna mtu hapaswi kujua niko mji gani."

Nilimpeleka kwa mpiga picha. Tukarudisha nyuma, tukamwona, yeye na mtoto, wazi kabisa katikati ya fremu, uso umeelekea kwetu, mwanga mzuri. Ilikuwa ndiyo shoti bora ya siku ile. Tukaifuta mbele yake. Alitazama kioo cha kamera mpaka alipohakikisha haipo, akashukuru, akaondoka kwa njia nyingine, siyo ile aliyokuwa anaelekea.

Ninajua hoja zote za upande wa pili. Barabara ni ya umma, tangazo lilikuwepo, kufuta kazi iliyorekodiwa ni mazoea mabaya. Hoja hizo ni za kweli na mimi sizibishii. Lakini tangu siku ile kila timu yangu ina mtu mmoja asiye na kazi nyingine isipokuwa kuzungumza na watu. Anasimama mahali ambapo watu wanaingia kwenye fremu, siyo mahali tulipo sisi, na anawaambia kabla hawajafika. Anayetaka kupita bila kuonekana anaelekezwa njia. Watoto wasio na mzazi hawaingii kwenye fremu, basi. Mtu huyo huyo ndiye anayewaomba wanaosimama kutazama wasogee, na ninamchagua kwa sura yake ya upole na sauti ya chini. Niliwahi kumweka kijana mwenye kipaza sauti, na kile kipaza sauti kiliwaita watu wengi kuliko kamera ilivyowaita.

Alasiri hiyo nilipanda ghorofa ya tatu ya jengo linaloitazama kona. Asubuhi zote mbili, saa 3 kamili, kwenye dirisha la ghorofa hiyo ilifunguliwa redio, sauti juu, taarifa ya habari na kisha muziki. Siku ya kwanza mmoja wetu alipaza sauti kutoka chini akiomba ifungwe. Sauti ya redio iliongezeka. Alinifungulia mzee mmoja mrefu aliyevaa sweta. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamwomba radhi kwa zile kelele za chini ya dirisha lake.

"Ninyi ndio mlionipigia ukelele?"

"Ni sisi, mzee."

"Hakuna aliyepanda kuniuliza," akasema. "Mmekuja na magari, mmefunga njia, mmeweka taa kubwa inayomulika chumbani kwangu. Mimi naishi hapa miaka thelathini na mbili. Mgeni hubisha hodi, mwanangu."

Nilikaa kwake karibu saa nzima. Hakutaka pesa. Alitaka kujua filamu inahusu nini, nikamsimulia, na nilipofika pale dada anapoondoka alitikisa kichwa, akaniambia naye ana dada ambaye hawajazungumza siku nyingi. Tulikubaliana atafunga redio kuanzia saa 3 hadi saa 4, na mimi nitamwashiria kwa mkono kila tukianza na kila tukimaliza. Ndiye pia aliyeniambia kwamba wale mafundi wa zege hunywa chai saa 3 na robo, nusu saa nzima, na kwamba msimamizi wao ni mtu mwelewa. Nilikuwa nimekaa na daftari asubuhi nzima na sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu Alhamisi ile mafundi hawakufanya kazi. Mkaaji wa mtaa anajua kitu ambacho ukaguzi haujui. Siku hizi barua zetu kwa wakaaji zinafika wiki moja kabla, na ninazipeleka mlango kwa mlango mwenyewe inapowezekana, siyo kuzisukuma chini ya milango.

Kuna mambo mengine nitayapitia haraka, siyo kwa kuwa ni madogo. Tafuta choo kabla hujatafuta mahali pa kuegesha gari la vifaa, kisha tafuta hapo pa kuegesha, maana gari likiwa mbali kila lenzi inayosahaulika inakula dakika 20. Usipange lokesheni mbili siku moja jijini kama siyo lazima. Kufungasha, kusafiri kwenye foleni na kufungua vifaa upya kunamaliza nguvu za watu kabla ya kumaliza muda. Begi la kamera halikai chini bila mguu wa mtu ndani ya mkanda wake. Picha zote zinanakiliwa mara mbili kabla hatujaondoka, na nakala hizo mbili hazipandi gari moja.

Usiku una somo lake. Taa za umeme hupigapiga ingawa macho hayaoni: umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipige mara 100 kwa sekunde, wa hezi 60 mara 120. Mtu aliyezoea fremu 24 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya sekunde 1/48 akienda kwenye nchi ya hezi 50, baadhi ya taa zitaanza kupumua kwenye picha yake. Akiweka 1/50 zinatulia. Mabango ya kielektroniki yana mapigo yao wenyewe, hayo hujaribiwa papo hapo, hakuna hesabu ya kichwani itakayokuokoa. Na usiamini kwamba mtaa utakusubiri. Miji mingi imekuwa ikiondoa zile taa za sodiamu zenye rangi ya chungwa na kuweka za LED. Los Angeles ilianza zoezi hilo mwaka 2009 na kugusa taa zaidi ya laki moja. Sisi yalitukuta kwa kiwango kidogo: tulirekodi nusu ya sini ya usiku, tukarudi baada ya mwezi kumalizia, tukakuta upande mmoja wa mtaa umeshakuwa mweupe. Mpiga picha alifunika taa zetu kwa karatasi za rangi usiku mzima, akijaribu kuurudisha ule mtaa wa mwezi uliopita.

Usalama sitaupitia haraka. Mwongozaji wetu, mtu ninayemheshimu sana, alitaka dada anapoondoka avuke barabara katikati ya magari, magari ya kweli, bila kufunga njia, kwa sababu ingeonekana ya kweli zaidi. Nilikataa. Kusimamisha magari ni kazi ya polisi, siyo ya kijana wa timu mwenye koti la kung'aa. Dereva anayekuja hajui kwamba yumo kwenye filamu. Februari 2014, katika jimbo la Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera mwenye miaka 27 aliuawa na treni ya mizigo kwenye daraja la reli, ambapo timu yake ilikuwa inarekodi bila ruhusa ya mwenye reli. Alikwenda kazini asubuhi kama sisi tunavyokwenda. Kila ninapoambiwa ni sekunde kumi tu, hakuna kitakachotokea, ninamfikiria yeye. Mwongozaji alinuna nusu saa, kisha akabadilisha sini: dada anaondoka kwa kutembea kando ya ukuta, anazidi kuwa mdogo kwenye fremu, mpaka anakunja kona.

Asubuhi ya tatu tulikuwa watu 11 badala ya 24. Wengine niliwaacha kambini, mtaa wa pili, na redio zao za mkononi. Barua ya jengo ilikuwa mfukoni. Saa 3 kamili niliinua mkono, na mzee, aliyekuwa amevuta kiti mpaka dirishani, akafunga redio. Saa 3 na dakika 10 jua likagusa ncha ya ukuta na kuanza kushuka. Saa 3 na robo mafundi wakaweka nyundo chini. Treni mbili zikapishana, ngurumo ikafifia, na fundi sauti akanitikisia kichwa.

Tulipata sini yote kwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Kwenye ya pili kaka alichelewa kujibu, akashusha macho, na dada akamsubiri, na mtaa mzima ukasubiri naye.

Mwongozaji aliposema imetosha, nikatangaza dakika ya ukimya. Watu 11 tukasimama kama miti. Kwenye hedifoni nilisikia njiwa kwenye paa, mlango wa chuma ukifungwa mbali, viatu vya mtu mmoja upande wa pili wa barabara. Kwenye sekunde ya 40 hivi redio ya ghorofa ya tatu ikafunguliwa, chini sana, karibu kama mtu anayenong'ona. Mzee alidhani tumemaliza. Fundi sauti alinitazama kuona kama nitasema turudie. Nikamwashiria aendelee kunasa.

Mhariri aliiweka redio hiyo mwishoni mwa sini, pale dada anapokunja kona na ukuta kubaki mtupu.